Ampli ya lampi bila transfo: tuhesabu ampea kabla ya kuhesabu dola



Tangu mwezi jana vijana wa kwaya moja ya hapa mjini wananiuliza swali moja tu. Waliona kwenye simu video ya ampli yenye lampi za kioo zinazowaka rangi ya machungwa, na anayeielezea anasema haina transfo ya kutokea sauti, na ndiyo maana sauti yake ni safi kuliko zote. Sasa kwaya iko na dola 200 zilizochangwa kidogo kidogo, na wanasema: "Yaya, wewe ulisoma. Tunaweza kuijenga wenyewe?"

Mimi nilisoma kilimo, siyo elektroniki. Lakini tangu sekondari nafungua redio, na wakati wa chuo kazi hiyo ya kutengeneza redio ilinisaidia kulipa minervali. Hesabu zinazotakiwa hapa hazipiti zile za fizikia ya mwaka wa kwanza, kila mmoja wetu alizifanya. Kwa hiyo nimeona niandike jibu lote hapa, juu najua si kwaya hiyo peke yake inayojiuliza.

Jibu fupi: kuijenga inawezekana. Kwa kazi ya kwaya, na umeme wa kwetu huku, haifai. Lakini kuna mahali pengine ambapo inafaa kabisa, na kuna redio za wazee wetu ambazo zitapona kama tukiielewa vizuri. Jibu refu ndilo hili.

1. Lampi inafanya nini

Hapa "lampi" siyo ile ya kumulika nyumba. Ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa ndani. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanaiita valvu. Ndani kuna uzi unaopashwa moto na umeme mdogo, mara nyingi volti 6.3. Uzi huo unapasha kipande kinachoitwa katodi, na katodi ikishika moto inatoa elektroni. Upande mwingine kuna bati linaloitwa anodi, lenye volti nyingi: 150, 250, hata 400. Elektroni zinavutwa kwenda huko. Katikati kuna wavu mwembamba unaoitwa gridi. Ukibadilisha volti kidogo tu kwenye gridi, mkondo wote unaotoka katodi kwenda anodi unabadilika.

Waliosoma kilimo pamoja nami wataona vani ya mfereji wa mpunga. Mkono mmoja unazungusha vani, na maji mengi yanapita au yanasimama. Mkono hautoi maji, unayaamuru tu. Vilevile sauti ndogo ya mikro inaamuru umeme mkubwa unaotoka kwenye bateri au grupu.

Tatizo ni aina ya umeme ambao lampi inapenda. Lampi inapenda volti nyingi na mkondo mdogo. EL84, iliyokuwa ndani ya redio nyingi za zamani, kikomo chake cha mkondo ni ampea 0.065. Kwa upande mwingine bafle zetu za kawaida ni za omu 4 au 8, na zenyewe zinapenda kinyume: volti chache na mkondo mwingi. Chukua bafle ya omu 8 na utake wati 10. Sheria ya Ohm inasema unahitaji volti 9 hivi tu, lakini mkondo ni ampea 1.1, na kwenye kilele cha wimbi unafika karibu 1.6. Linganisha 1.6 na 0.065. Hapo ndipo shida yote ya somo hili ilipo.

2. Transfo ni gia

Fikiria moto inayopandisha magunia ya muhogo kutoka Baraka kwenda Fizi-centre. Injini inazunguka haraka lakini nguvu ya kila mzunguko ni ndogo. Dereva anaingiza gia ya kwanza: mwendo unapungua, nguvu ya kuvuta inaongezeka, mlima unapandwa. Injini ni ile ile, petroli ni ile ile. Gia imebadilisha tu mwendo kuwa nguvu.

Transfo ya kutokea sauti inafanya kazi hiyo hiyo kwa umeme. Tuseme upande wa lampi umezungushiwa waya mara 25 zaidi ya upande wa bafle. Volti zinagawanywa kwa 25, mkondo unazidishwa kwa 25. Na omu je? Zinazidishwa kwa 25 mara 25, yaani 625. Bafle ya omu 8 inaonekana mbele ya lampi kama omu 5000. Lampi iliyokuwa imeelemewa sasa inapata mzigo inaoumudu.

Basi kwa nini mtu aichukie transfo? Juu transfo nzuri ni ngumu kutengeneza. Inatakiwa ipitishe mitetemo 20 kwa sekunde ya besi, na pia mitetemo 20,000 ya sauti nyembamba. Ili besi ipite, unahitaji chuma kingi na mizunguko mingi ya waya. Lakini mizunguko ikizidi, waya zinaanza kuzuiana zenyewe kwa zenyewe na sauti nyembamba inapotea njiani. Ukirekebisha huku, kunaharibika kule. Ndiyo maana katika ampli nyingi za lampi transfo ndicho kitu kizito na cha bei kuliko vingine. Na ile ya bei ya chini inasikika: besi inakuwa ya uvivu, na ukiongeza sauti chuma kinajaa na muziki unapasuka.

3. Walioamua kuitoa

Anayetajwa zaidi katika historia hii ni Julius Futterman wa New York. Mwaka 1954 alieleza katika jarida la wahandisi wa sauti wa Marekani namna ya kujenga ampli ya lampi inayounganishwa na bafle bila transfo. Wazo lenyewe si gumu kulielewa. Unapanga lampi mbili kama ngazi, moja juu ya nyingine, kati ya umeme wa juu na wa chini. Sauti unaitoa katikati. Wimbi likipanda, lampi ya juu inasukuma. Likishuka, ya chini inavuta. Kati ya sehemu hiyo na bafle unaweka kondensa kubwa ili umeme wa moja kwa moja usipite, sauti tu ipite. Halafu unarudisha sehemu ya sauti iliyotoka hadi mwanzo wa ampli, ilinganishwe na ile iliyoingia, na makosa yarekebishwe.

Wengine walikuja na mpangilio mwingine unaoitwa Circlotron, ambamo lampi za pande mbili ziko sawa kwa sawa na hata ile kondensa kubwa inaweza kuondoka. Kampuni ya Atma-Sphere, ya jimbo la Minnesota huko Marekani, imejulikana kwa ampli za namna hiyo.

Angalieni lampi walizochagua, juu zinasema mengi. 6AS7 na ndugu yake 6080 zilitengenezwa kwa kazi ya kudhibiti volti kwenye mitambo. 6C33C ya Wasovieti ni hivyo hivyo. PL504 na PL519 zilitoka kwenye televisheni za zamani, zilikuwa zinasukuma mwanga kushoto na kulia kwenye kioo. Zote ni lampi zenye uwezo wa kutoa mkondo mwingi bila kudai volti nyingi sana. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyozaliwa kwa ajili ya muziki. Watu wa sauti waliziazima.

Tena hazitoshi moja moja. Turudi kwenye wati 10 na bafle ya omu 8, kilele cha ampea 1.6. Lampi ya 6AS7 iko na nusu mbili ndani. Tuchukue kwamba kila nusu itoe kilele cha ampea 0.4. Basi nusu nne zisukume na nusu nne zivute. Hizo ni lampi nne nzima kwa bafle moja, na kwa mabafle mawili ni nane.

Kwa mfano wa moto yetu: tumetoa sanduku la gia, halafu ili mlima upandwe tumefunga moto nane pamoja kwa kamba. Mlima unapandwa, ndiyo. Lakini petroli ya moto nane inalipwa na nani?

4. Ugumu hauondoki, unahama

Hapa ndipo napenda msomaji asimame kidogo. Video inasema "bila transfo", na sisi tunasikia "rahisi zaidi", "bei ya chini zaidi". Lakini tofauti kati ya omu 8 za bafle na maelfu ya omu zinazopendwa na lampi haikufa siku transfo ilipotolewa. Imehama tu. Ilikuwa inalipwa kwa chuma na waya. Sasa inalipwa kwa wingi wa lampi, kwa joto na kwa umeme.

Tuipige hesabu kwa wati. Uzi wa 6AS7 moja unakula ampea 2.5 kwa volti 6.3, yaani wati karibu 16. Lampi nane ni wati 126. Hizo ni za kupasha uzi tu, hata wimbo haujaanza. 6C33C ni kali zaidi: ampea 6.6, karibu wati 42 kwa lampi moja. Ongeza mkondo unaopita kwenye anodi wakati ampli imetulia. Tukiweka wati 20 kwa kila lampi, ni wati 160 nyingine. Tuko 286. Lampi ndogo za mwanzo na hasara ya konvertisa zinatufikisha kama wati 330. Na muziki wote unaotoka ni wati 10 kwa kila bafle.

Tena ampli hii haipumziki. Pasta akiomba kimya kimya, inakula karibu kile inachokula kwaya ikiimba kwa nguvu.

5. Philips walibadilisha bafle

Kuna watu walioligeuza swali. Badala ya kuuliza "lampi ngapi zinatosha bafle ya omu 8?", waliuliza "bafle ya omu ngapi inatosha lampi mbili?" Katika miaka ya 1950 Philips walitengeneza bafle za omu 800, zilizozungushiwa waya mwembamba sana mara nyingi sana, na redio zenye lampi za EL86 au UL84 zilizopangwa kama ngazi, bila transfo ya kutokea. Wati 10 kwenye omu 800 zinahitaji volti 89 na ampea 0.11 tu. Hizo lampi mbili zinazitoa bila kuumia.

Somo hili nililipata kwa mkono wangu kwenye redio ya muzee mmoja wa mtaa wetu, aliyoirithi kwa baba yake. Karatasi ya bafle ilikuwa imechanika. Fundi mmoja alishamwambia kwamba bafle hiyo imekufa, waiweke ya gari ya omu 4, itaimba vizuri zaidi. Kwa macho zinafanana kabisa: sumaku, karatasi, waya mbili. Nilipoipima kwa multimeta ilionyesha mamia ya omu. Bafle ya kawaida ya omu 8 inaonyesha kama 6, ya omu 4 inaonyesha 3 na kitu.

Ingekuwaje kama wangeweka ile ya gari? Tuchukue lampi zinazoweza kutoa kilele cha ampea 0.15. Wati ni nusu ya kilele mara kilele, mara omu. Kwenye omu 800 tunapata wati 9. Kwenye omu 4, mkondo ni ule ule, juu lampi haiwezi kuzidisha, na tunapata wati 0.045. Mara 200 chini! Redio ingekoroma kidogo kama simu iliyofunikwa na mto, fundi angesema lampi zimechoka, muzee angetafuta lampi mpya hadi Bujumbura au Kigoma, na zingefika, na sauti ingebaki ile ile. Pesa imeisha, redio imetupwa, na kumbe haikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya karatasi iliyochanika.

Tuliibandika karatasi kwa kitambaa chepesi na gundi isiyokauka ngumu. Redio inaimba.

Kama waya ya ndani ya bafle kama hiyo imekatika kweli, kuna njia. Zile pembe za sauti za misikiti, makanisa na masoko, nyingi ndani yake ziko na transfo ndogo ya laini ya volti 100. Omu za upande wake wa juu unazipata kwa volti mara volti, ugawanye kwa wati. Ncha iliyoandikwa wati 10 ni 10,000 gawanya kwa 10, yaani omu 1000. Ni karibu ya kutosha na 800. Unaiweka kati ya redio na bafle ya kawaida, na kazi inaendelea. Lakini kwanza pima kama kuna volti za moja kwa moja kwenye ncha za bafle wakati redio inawaka. Zikiwepo, simama hapo, tafuta mchoro wa redio hiyo kabla ya kuunga kitu chochote.

Ndiyo, nimerudisha transfo kwenye redio iliyojengwa isiwe nayo. Sioni aibu. Bafle ikibadilika, hesabu inabadilika.

6. Sasa bateri zetu

Huku kwetu umeme mwingi wa nyumba na makanisa ni pano juu ya bati, bateri chini ya meza, na grupu siku ya sikukuu. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200. Kama ni ile ya risasi na hutaki kuiua mapema, unatumia nusu, 600. Ampli yetu ya lampi nane inakula 330 kila saa. 600 gawanya kwa 330 ni saa moja na dakika 49. Ibada inaanza saa tatu asubuhi na kuisha saa saba. Katikati ya mahubiri lampi zimezimika, na jioni hakuna mwanga wa mazoezi.

Ampli ya gari ya transista inaungwa kwenye bateri ile ile bila konvertisa. Kwa volti 12 na bafle ya omu 4, sakiti inayosukuma bafle kutoka ncha zote mbili inaweza kutoa hadi wati 18 hivi. Zile mpya zinazokata umeme haraka haraka zinapeleka kwenye bafle zaidi ya asilimia 80 ya kile zinachokula. Siku nzima ya Jumapili bateri inabaki na nguvu.

Na kuna kitu ambacho watu wanasahau wanaponunua wati: bafle yenyewe. Bafle ya desibeli 98 ikipewa wati 1 inasikika sawa na bafle ya desibeli 88 iliyopewa wati 10. Tofauti ya desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu. Kabla ya kuongeza ampli, soma namba hiyo nyuma ya bafle au kwenye karatasi yake. Pembe zinazidi hata hapo, ndiyo maana pembe moja yenye ampli ndogo inasikika kijiji kizima. Besi haina, lakini neno linafika.

Kuanza na kile ulicho nacho si kitu kipya katika eneo hili. Mwaka 1949 huko Rodesia ya Kaskazini, leo Zambia, kusini mwa ziwa letu hili hili, ilianza kuuzwa redio ya lampi iliyoitwa "Saucepan Special", yaani ya sufuria, juu ganda lake lilikuwa la aluminiamu kama sufuria. Ilitengenezwa kwa betri kavu, kwa watu wasio na umeme. Aliyesukuma wazo hilo, Harry Franklin wa idara ya habari, alianza na mnunuzi na betri yake, ndipo redio ikafuata. Na hapa Kongo, Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walizipa likembe mikro walizojitengenezea kwa sumaku za vipuri vya magari, wakapitisha sauti kwenye pembe za zamani. Mlio uliopasuka ukawa sehemu ya muziki wao, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikasikika duniani. Hakuna aliyewaambia kwamba sauti safi ni moja tu.

Kwa hiyo kwaya nimeishauri hivi: pesa kubwa iende kwenye mabafle mawili yenye desibeli nyingi, hata ya mkono wa pili, inayobaki kwenye ampli ya transista ya volti 12. Mmoja wao alinijibu: "Lakini yaya, ile ya lampi ni nzuri kuiangalia." Ni kweli ni nzuri. Bado wanabishana, na pesa ni yao. Nilichotaka ni kwamba wabishane wakiwa na namba mkononi.

7. Wapi ijengwe basi

Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza, kuna mzigo mmoja unaopendana na lampi bila transfo: ekuta za omu 300, zile kubwa za studio. Ekuta inahitaji nguvu kidogo sana. Hata tukisema wati 0.1, ambayo masikioni ni nyingi mno, tunahitaji volti 5.5 na ampea 0.018. Lampi moja ya 6080 iko na nusu mbili, moja kwa sikio la kushoto na nyingine kwa la kulia, na hapo haiumii hata kidogo. Uzi wake unakula wati 16. Mbele yake unaweka lampi moja ndogo kama 12AU7. Sakiti yote inaingia kwenye daftari ukurasa mmoja, na utakuwa umeshika kwa mkono kila kitu nilichoeleza hapa. Ekuta za simu za omu 32 au 16 usizijaribu kwayo, utarudi kwenye shida ya mkondo.

8. Usalama, na sitanii

Vijana wengi wa kwetu wamezoea volti 12, wanashika waya kwa vidole. Ndani ya ampli ya lampi kuna volti 150 hadi 400 za moja kwa moja, na hizo zinaua. Kondensa zinabaki zimejaa hata baada ya kuchomoa waya. Kwa hiyo: weka rezista ya kudumu inayozimwaga polepole, subiri, halafu pima kwa multimeta mpaka uone volti chache kabisa ndipo ushike. Vaa viatu vikavu, usisimame miguu mitupu juu ya simenti. Ukipima wakati inawaka, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Usifanye kazi hiyo peke yako usiku.

Bafle nayo iko hatarini. Transfo ilikuwa pia ukuta: umeme wa moja kwa moja ulikuwa hauvuki. Bila transfo, lampi moja ikishikana ndani, volti za anodi zinaweza kufika kwenye bafle na kuiunguza kwa dakika chache. Kondensa ya kutokea inazuia, nayo ikiharibika haizuii tena. Weka fyuzi kwa kila upande wa lampi za mwisho na nyingine kwenye waya ya bafle, na jaribu kwanza kwa bafle usiyoipenda.

9. Kabla ya kununua

Nimalizie na maswali matatu, yanafaa kwa ampli yoyote. La kwanza: bafle yangu ni ya omu ngapi, na desibeli ngapi? La pili: kwa wati ninazotaka, kilele cha mkondo ni ampea ngapi, na kitu kinachosukuma kinaweza kuzitoa? La tatu: ampli ikiwa imekaa kimya, inakula wati ngapi, na bateri yangu itafika saa ngapi? Daftari, kalamu, dakika kumi. Mtu akikuuzia ampli na hawezi kukujibu la tatu, usitoe pesa siku hiyo.

Na kama nyumbani kwenu kuna redio ya zamani ya lampi imewekwa juu ya kabati, naomba msiitupe, na msikubali bafle yake ibadilishwe kabla haijapimwa. Ichomoe, iache kwanza kwa muda, pima kondensa, halafu fungua waya mmoja wa bafle na uweke multimeta. Ikionyesha mamia ya omu, niandikieni, mniambie namba iliyoandikwa kwenye lampi zake. Tutasaidiana kutafuta mchoro.